Studio za video Mbulu na Hanang: mwanga ununuliwe kabla ya kamera

Biashara ya kupiga video katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, inakwenda sambamba na ghala la mkulima. Vitunguu saumu vya Mbulu vikipata bei, mahindi na mbaazi vikitoka shambani, ngano ya Basotu ikivunwa na ng'ombe wakichangamka mnadani, harusi huwa nyingi, sherehe za Kipaimara hufana, kwaya hurekodi nyimbo mpya, na mwenye duka wa Katesh au Haydom hukumbuka kwamba bidhaa zake hazijatangazwa. Bei zikianguka, mwenye kamera hukaa barazani akisubiri msimu ujao.

Pamoja na hali hiyo, vijana wenye mitaji midogo wanazidi kuingia katika kazi hii. Wengi huanzia nyumbani, katika chumba kimoja cha mita tatu kwa nne, pazia moja ukutani na simu au kamera moja juu ya stendi. Hilo ni jambo la kutia moyo. Lakini ukitazama wanavyotumia mtaji wao, utaona kosa linalorudiwa kila mara: fedha karibu zote huishia kwenye kamera, na zinazobaki hununua taa moja ya duara. Baada ya miezi michache picha bado ni mbaya, mteja analalamika, na mwenye studio anaamua kwamba dawa ni kukopa anunue kamera kubwa zaidi.

Uamuzi huo haufai. Malighafi ya kazi ya video ni mwanga. Kamera ni mashine ya kusindika malighafi hiyo, na hakuna mwenye kinu mwenye akili anayenunua mashine ya pili wakati ya kwanza inasaga pumba kwa kukosa mahindi.

SOKO LIPO, TENA LA KWAO

Anayetilia shaka kama studio ndogo ya Dongobesh au Endasak inaweza kushindana na zile za Arusha na Dar es Salaam atazame kwanza lugha. Mbulu na Hanang na maeneo yanayozizunguka ni sehemu ya nadra sana barani Afrika. Wairaqw wanazungumza lugha ya Kikushi, Wabarabaig lugha ya Kiniloti, Wahadzabe wa Yaeda Chini wana lugha yao yenye sauti za kualisha, na majirani zao Wanyiramba na Wanyaturu ni Wabantu. Studio ya Kinondoni haina mtaji wala haja ya kutengeneza wimbo wa Kiiraqw, wala haitasafiri kuja kumrekodi mzee wa Kibarabaig akisimulia habari za ukoo wake. Bidhaa hiyo itatengenezwa hapa au haitatengenezwa kabisa.

Aidha, wanunuzi hawako wilayani tu. Kuna watoto wa Mbulu na Hanang walioko Arusha, Dodoma, Dar es Salaam na ng'ambo, ambao hutazama kwa simu nyimbo na sherehe za nyumbani. Mtazamaji huyo amezoea picha safi. Uso wa mwimbaji ukionekana kama kivuli, naye atapita kwenda video nyingine kabla ya beti la kwanza kwisha.

KWA NINI KAMERA HULAUMIWA BURE

Nje, jua la mchana mweupe hutoa mwanga unaofikia takriban laksi 100,000, laksi ikiwa ndiyo kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Kivulini, chini ya mti, bado zinabaki laksi elfu kadhaa. Ndani ya chumba chenye balbu moja ya kawaida darini, kiasi hicho hushuka hadi laksi mia moja au mia mbili hivi. Jicho la binadamu hujirekebisha, na mwenye chumba huona kwamba pana mwanga wa kutosha. Kamera haidanganyiki. Inapokosa mwanga huongeza nguvu ya umeme wa picha, na matokeo yake ni zile chenga zinazotambaa ukutani na usoni, rangi zilizofifia na picha isiyokamata vizuri.

Mwenye studio akiona chenga hulaumu kamera. Kuna ukweli kidogo katika lawama hiyo. Kamera yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35 ina eneo la kupokea mwanga linalozidi mara mbili lile la kamera ndogo zaidi inayotumiwa na wengi, ile yenye kihisi cha APS-C. Kwa hiyo, katika mazingira yale yale na lenzi yenye uwazi ule ule, anayehama kutoka kamera ndogo kwenda kubwa anapata faida ya takriban mara mbili. Faida hiyo mara nyingi hugharimu mamilioni ya shilingi, pamoja na lenzi zake.

Sasa ilinganishwe na kazi isiyo na gharama yoyote. Taa ndogo iliyo umbali wa mita 2 kutoka kwa msemaji ikisogezwa hadi mita 1, mwanga unaomfikia huongezeka mara nne. Hiyo ni kanuni ya fizikia ya sekondari: umbali ukipungua nusu, mwanga huwa mara nne. Kusogeza stendi ya taa hatua moja kunampa mwenye studio faida kubwa kuliko kubadili kamera, na hakuna riba inayolipwa.

Ila kanuni hiyo hiyo inaweza kumgeukia asiyeielewa. Kwa mtu mmoja, taa ya karibu ni neema. Kwa kwaya ya watu kumi na wawili, taa iliyo mita 1 kutoka kwa mwimbaji wa kwanza na mita 3 kutoka kwa wa mwisho itampa yule wa mwisho sehemu moja ya tisa tu ya mwanga wa mwenzake. Mmoja atang'aa kama bati jipya, mwingine atakuwa gizani. Kwa kwaya, taa zirudishwe nyuma na kupandishwa juu, au zielekezwe kwenye dari jeupe ili mwanga urudi chini umetawanyika. Hapo ndipo zinapohitajika taa nyingi zaidi, na hapo ndipo fedha iliyookolewa kwenye kamera inapopata kazi yake.

DIRISHA HALITOZWI KODI

Kabla ya kununua taa yoyote, mwenye studio ana mali ambayo wengi huifunika kwa pazia zito: dirisha. Mbulu na Katesh ziko kusini mwa ikweta kwa nyuzi kama nne hivi. Kutokana na mahali hapo, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua hupita upande wa kaskazini, na dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua moja kwa moja kutwa nzima. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi mambo hugeuka, na dirisha la kaskazini ndilo linalobaki kivulini. Mwanga unaoingia kwenye dirisha la namna hiyo unatoka angani, ni laini, na hauchori vivuli vikali usoni.

Anayejenga au kupanga chumba cha studio achague basi chenye madirisha pande hizo mbili, kusini na kaskazini, akitumia moja baada ya jingine kadiri mwaka unavyokwenda. Madirisha ya mashariki na magharibi huingiza jua kali asubuhi na jioni, na vyuma vya dirisha huchora mistari usoni mwa mtu. Kama chumba ni hicho tu, shuka nyeupe nyepesi iliyotandazwa dirishani hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa.

Mtu akae ubavu kwa dirisha, mita moja hivi kutoka hapo, na upande wa pili uwekwe ubao mweupe, kwa mfano kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeupe isiyong'aa, ili kurudisha mwanga kwenye shavu lililo kivulini. Ubao huo unafanya kazi ya taa ya pili bila kutumia umeme.

Wapo wanaosema kwamba Mungu ameipa Hanang mandhari, hivyo kila kitu kipigwe nje, chini ya mlima au kando ya Ziwa Basotu. Ni kweli kwa wimbo mmoja mmoja. Lakini tangazo la duka, mahojiano, mahubiri na somo la kilimo vinahitaji mahali pasipo na upepo na vumbi, penye sura ile ile wiki hadi wiki. Zaidi ya hayo, karibu tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa, na siku za jirani nazo ni hivyo hivyo. Jua la utosini hujaza kivuli katika matundu ya macho, na mtu huonekana kama hana macho. Anayelazimika kupiga nje apige kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, au amweke mtu wake chini ya kivuli cha mti mkubwa.

Walioweka bati moja la plastiki la kupitisha mwanga katika paa la mabati nao wajue kwamba mwanga huo unatoka juu, na kivuli cha macho ni kile kile. Dawa ni kutandaza shuka nyeupe chini ya bati hilo na kuweka ubao mweupe mbele ya msemaji, usawa wa kifua.

HESABU YA LUKU

Dirisha lina kasoro zake. Wingu likipita katikati ya wimbo, picha hubadilika. Asubuhi za baridi na ukungu wa Mbulu mwanga huchelewa. Tena wateja wengi wana nafasi jioni, baada ya kazi. Taa hazikwepeki, na hapa mfanyabiashara ashike kalamu.

Tangu vituo binafsi vya televisheni vilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 na video za harusi kushamiri, wapigaji wengi walizoea taa za halojeni, zile zinazochoma mkono. Bado zinapatikana kwa bei ya mtumba na huvutia kwa ukali wake. Taa mbili za wati 500 kila moja zinakula uniti 1 ya umeme kwa saa. Studio inayowasha taa saa 4 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, itatumia uniti 80. Balbu sita za LED za wati 15 kila moja zina jumla ya wati 90. Kwa muda huo huo zitatumia uniti 7.2. Halojeni bado itazidi sana kwa ukali, lakini kwa chumba kidogo balbu hizo sita zilizo karibu na msemaji zinatosha.

Kwa viwango vya TANESCO vilivyotangazwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa kundi la D1 alipangiwa sh. 100/- kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na sh. 350/- kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Ikichukuliwa kwamba familia hutumia uniti 50 kwa mahitaji ya nyumbani, studio ya halojeni itaipeleka hadi uniti 130. Bili yake ni sh. 7,500/- kwa uniti 75 za kwanza na sh. 19,250/- kwa 55 zinazozidi, jumla sh. 26,750/-. Studio ya LED itafikisha uniti 57.2, yaani sh. 5,720/-. Tofauti ni sh. 21,030/- kila mwezi, zaidi ya sh. 250,000/- kwa mwaka, na hapo kodi haijaguswa. Tena matumizi yakizidi uniti 75 kila mwezi, mteja hujiweka katika hatari ya kuondolewa kundi la D1.

Mwenye fremu mjini aliye katika kundi la T1, ambalo katika viwango hivyo lilipangiwa sh. 292/- kwa uniti, akiongeza kodi na tozo hukaribia sh. 360/-. Kwake uniti 80 ni sh. 28,800/- na uniti 7.2 ni sh. 2,592/-. Viwango hubadilika, na kila mmoja aangalie risiti yake ya LUKU, lakini uwiano wa uniti 80 kwa 7.2 haubadiliki.

Umeme unapokatika hesabu inazidi kuipendelea LED. Wafanyabiashara hawajasahau mgawo wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere haijaanza kuingiza umeme katika gridi. Betri ya volti 12 yenye ukubwa wa Ah 100 hutunza takriban wati-saa 1,200, na kwa usalama wake itumike nusu tu. Nusu hiyo itaendesha wati 90 kwa saa sita hivi, pungufu kidogo kwa kile kinachopotea kwenye inveta. Taa za halojeni za wati 1,000 zitaimaliza kwa dakika 36. Mteja aliyesafiri kutoka Haydom na kwaya yake nzima hawezi kuambiwa arudi kesho.

Suala la moto nalo si dogo. Wengi hulainisha mwanga kwa kuning'iniza kitambaa mbele ya taa. Kwa LED inawezekana, mradi pawepo nafasi ya hewa. Kwa halojeni, kitambaa hicho ni njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwashwa.

LEBO KWENYE BOKSI

Si kila balbu ya LED inafaa. Kuna mambo matatu ya kutazama dukani, iwe Mbulu mjini, Babati au Kariakoo.

La kwanza ni rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa Kelvini. Balbu za njano huwa na takriban 2,700 hadi 3,000, na zile nyeupe zinazouzwa kwa wingi huandikwa 6,500. Mwanga wa jua la mchana unakaribia 5,500. Anayechanganya dirisha na taa achague nyeupe, na balbu zote ziwe za aina moja. Uso wenye shavu moja la njano na jingine la bluu hausafishiki kwa uhariri wowote.

La pili ni uhalisi wa rangi, unaoandikwa CRI au Ra. Alama ya juu ni 100. Balbu za kawaida huwa karibu na 80, na kwa kazi ya video inafaa 90 au zaidi. Balbu yenye alama ndogo huifanya ngozi ionekane ya kijivu au yenye ukijanikijani. Boksi likiwa halina maandishi, mnunuzi aombe balbu iwashwe, anyooshe kiganja chake chini yake, kisha akipeleke mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Kikibadilika rangi sana, balbu hiyo irudishwe kwenye kabati.

La tatu ni kupepesa. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na balbu ya bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera iliyowekwa kwa mfumo wa Marekani wa hezi 60 huonyesha mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Mara nyingi tatizo hilo huisha kwa kuweka kamera au simu kwenye hezi 50, picha 25 kwa sekunde, na mlango wa lenzi kwenye 1/50. Wapo waliokwisha kuuza kamera nzima kwa hasara kwa ajili ya mistari hiyo, wakati dawa ilikuwa ndani ya menyu.

NGOZI NYEUSI NA UKUTA MWEUPE

Kosa jingine linalowapotezea wateja wenye studio ni ukuta mweupe. Kamera inayojipimia mwanga hutafuta wastani wa picha nzima. Ikiona ukuta mweupe, au shela la bi harusi, hudhani kwamba mwanga umezidi, nayo huupunguza. Ukuta unatoka vizuri, uso wa mtu mweusi unazama gizani.

Tatizo hili lina historia. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita, maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi haikuwa kipimo. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini mpimaji wake bado hajui kwamba kilicho muhimu ni uso wa bi harusi na wala si shela lake.

Kwa hiyo ukuta wa nyuma upakwe rangi ya kahawia, ya udongo au ya bluu iliyokolea, au utandikwe kitambaa kisichong'aa. Mtu akae mita moja na nusu au zaidi mbele yake. Mwanga upimwe kwenye uso kisha kamera ifungwe hapo isijibadilishe yenyewe. Taa kuu iwe pembeni, juu kidogo ya macho, na iwe pana: balbu zile sita nyuma ya shuka nyeupe ya mita moja kwa mita moja zinatoa mng'ao mpana unaoonyesha umbo la uso mweusi vizuri zaidi kuliko balbu moja kali inayoacha doa jeupe kwenye paji. Balbu moja ndogo nyuma ya mtu, ikimulika bega na nywele, humtenganisha na ukuta. Mavazi ya ngozi ya kina mama wa Kibarabaig na shuka nyeusi za wazee hunywa mwanga mwingi, na bila taa hiyo ya nyuma huyeyuka gizani pamoja na shanga zake zote.

Taa ya duara, inayopendwa sana siku hizi, si mbaya kwa mama anayeuza vitenge kwa simu akiwa peke yake. Lakini humulika uso kutoka mbele tu na kuufanya bapa, huacha pete kwenye miwani, na haiwezi kuhudumia hata watu watatu. Iwe taa ya nyongeza, isiwe ndiyo studio.

MKOPO WA KAMERA NA BEI YA MBAAZI

Hayo yote yangekuwa mambo ya mafundi kama si suala la deni. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023, ilirejeshwa mwaka 2024. SACCOS na VICOBA nazo zipo. Mlango wa fedha ukiwa wazi, kishawishi cha kuandika kamera kubwa kwenye fomu ni kikubwa.

Chukua mfano wa kijana wa Katesh anayekopa sh. 3,000,000/- kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikihesabiwa kwenye mkopo wote. Atarejesha sh. 3,540,000/-, yaani sh. 295,000/- kila mwezi kwa miezi 12. Kila video ikimwachia sh. 50,000/- baada ya gharama, atahitaji video sita kila mwezi ili alipe deni tu, kabla hajala. Mwenzake anayebaki na kamera aliyonayo na kukopa sh. 1,000,000/- kwa ajili ya taa, stendi, vitambaa na betri atarejesha takriban sh. 98,300/- kwa mwezi. Huyo anaishi kwa video mbili.

Sasa zifuatwe kalenda za Mbulu na Hanang. Wakati wa Kwaresima harusi za Kikristo husimama, na miezi ya palizi fedha iko shambani. Kupata wateja sita kwa mwezi katika kipindi hicho ni ndoto. Halafu kuna mambo ambayo hayamo mikononi mwa mtu yeyote wa Katesh. Mwaka 2017 India ilipowekea mipaka uagizaji wa mbaazi, bei ilianguka katika mikoa inayolima zao hilo, Manyara ikiwamo. Mbaazi isiponunuliwa, harusi huahirishwa, na rejesho la kamera haliahirishwi.

Wanaopinga hoja hii wana jibu moja zito: mteja hununua kwa macho. Akiona kamera kubwa begani hulipa bila kubishana, akiona simu juu ya stendi huomba punguzo. Ni kweli, na mfanyabiashara hawezi kudharau mwonekano wa duka lake. Lakini kamera kubwa inaweza kukodiwa kwa siku ya harusi na gharama yake ikaingizwa kwenye bei. Katika studio ya nyumbani, mteja anaingia akikuta shuka limetandazwa, taa zimewashwa na ubao umepangwa, kisha anaonyeshwa uso wake kwenye kioo cha simu kabla kazi haijaanza. Tangazo hilo linazidi kamera ya begani. Tena kamera hushuka thamani kila toleo jipya linapotoka, wakati stendi, ubao na ujuzi wa kupanga taa vitatumika na kamera yoyote itakayokuja.

Kuna pia hasara isiyoingia kwenye daftari. Mzee aliyerekodiwa gizani akisimulia chimbuko la ukoo wake huenda asipatikane mara ya pili. Sauti itabaki, sura haitabaki. Wajukuu wake, popote walipo, wangelipa kuiona.

Kwa hiyo kijana wa Mbulu au Hanang aliye na fomu ya mkopo mezani, kabla hajaandika jina la kamera, afungue kwanza dirisha la kusini au la kaskazini kufuatana na mwezi, amkalishe mtu mita moja kutoka hapo, aweke ubao mweupe upande wa pili, na arekodi dakika mbili kwa kamera hiyo hiyo anayoilaumu. Jioni arudie kwa balbu sita na shuka. Kama chenga zimeondoka, fomu ile ina sifuri nyingi kuliko inavyohitajika, na wakati wa kuzipunguza ni kabla ya sahihi kuwekwa.